Anayejiundia kompyuta aanze na ramu

WATEJA wengi wanaotaka kujiundia kompyuta ya bei nafuu huingia dukani wakiulizia prosesa kwanza. Madabodi hufuata, na ramu huachwa mwisho. Utaratibu huo ulifaa ramu ilipokuwa rahisi. Tangu soko lilipogeuka mwishoni mwa mwaka 2025, umekuwa wa hasara.

Sababu inajulikana. Viwanda vya ramu vimeelekeza nguvu kwenye mitambo ya akili bandia, ambako faida ni nono. Bei zilipanda kwa kasi, na Desemba 2025 kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kuachana na ramu za Crucial zinazouzwa kwa watumiaji wa kawaida.

Hapo ndipo uamuzi wa madabodi unapokuwa mzito. Soketi ya AM5 ya AMD, iliyotoka mwaka 2022, hupokea ramu za DDR5 tu. AM4 iliyoitangulia hutumia DDR4. Kwa LGA1700 ya Intel, ya mwaka 2021, zipo madabodi za DDR4 na za DDR5, na ramu ya aina moja haiingii kwenye tundu la nyingine.

Kwa hiyo mwenye kompyuta ya mezani iliyochoka lakini yenye ramu nzima za DDR4, asiziuze kwa bei ya kutupa. Ramu hizo ndizo zimchagulie madabodi. Prosesa kama Ryzen 5 5600G au Core i3-12100 inatosha kwa hesabu za duka, barua na masomo ya watoto. Ramu za laptopu zisihesabiwe, kwani haziingii kwenye madabodi za kawaida za mezani.

Wauzaji watasema AM4 imefika mwisho wa njia. Ni kweli, lakini mwenye bajeti ndogo hununua kompyuta aitumie mpaka ichoke. Asilipie leo nafasi ya kubadili prosesa ambayo huenda asiitumie kamwe. AM5 inamfaa asiye na ramu yoyote na mwenye nia ya kweli ya kuongeza nguvu baadaye, maana AMD imeahidi kuiendeleza angalau hadi mwaka 2027.

Yapo ya kuangalia kabla ya kutoa fedha. Prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni, au Ryzen 5 5600 isiyo na G, haitoi picha bila kadi ya picha. Madabodi ya B450 iliyokaa sana ghalani huenda isiitambue Ryzen ya 5000 mpaka programu yake ya kuwashia isasishwe. Na prosesa za mtumba zilizotangulia kizazi cha 8 cha Intel kwa kawaida hazimo katika orodha ya Windows 11, wakati msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025.

Mnunuzi adai bei ya vitu vitatu kwa pamoja: prosesa, madabodi na ramu. Jumla hiyo ndiyo bei ya kulinganisha kati ya duka na duka.