Klabu Si Mfuko wa Mtu Mmoja

Kuna neno dogo linaloniudhi katika mazungumzo ya michezo, nalo ni "tu". "Hawa ni wachezaji wa ridhaa tu." Mtangazaji hulisema kwa upole, kana kwamba anamwombea radhi mgeni aliyekuja harusini na kandambili. Anatuonya tusitarajie mengi. Lakini hebu lisikilize neno lililotangulia. Ridhaa ni kukubali kwa moyo. Mchezaji wa ridhaa ni yule aliyeshuka uwanjani kwa sababu ametaka. Tangu lini kutaka kukawa upungufu?

Nitaitetea ridhaa kwa kisa cha klabu moja ya raga ya Ujerumani. Nimechagua Ujerumani kwa kuwa ndiyo nchi tunayokimbilia kuitaja kila tunapotafuta mfano wa utaratibu. Na nimechagua klabu hii kwa kuwa kisa chake kilitugusa sisi Wakenya mwaka 2018, na wengi wetu tuliyaona matokeo bila kujua yalitoka wapi.

Klabu yenyewe ni Heidelberger Ruderklub. Ruderklub maana yake ni klabu ya makasia. Heidelberg ni mji wa chuo kikuu kando ya mto Neckar, na mwaka 1872 watu wake walianzisha chama cha kupiga makasia. Raga ilikuwa imekwisha kuingia mjini humo tangu katikati ya karne ya 19, ikiletwa na wanafunzi wa Kiingereza, kama kwetu ilivyoletwa na walowezi. Wapiga makasia wakaichukua. Ikawa mchezo wa pili wa klabu, kisha ikawa ndiyo inayoipa klabu sifa. Leo mji huo una klabu kadhaa za raga, zote zikigombea vijana wale wale. Katika nchi ambayo soka imekalia viti vyote, mji mmoja uliamua kuupenda mpira wenye umbo la yai.

Klabu kama hii kisheria ni kitu gani? Sheria ya Ujerumani inataka watu wasiopungua 7 ili chama kiandikishwe. Baada ya hapo kuna katiba, kuna ada, kuna mkutano mkuu, na kwa kawaida kila mwanachama ana kura moja. Anayefua jezi na anayemiliki kiwanda wote wananyoosha mkono mmoja. Hakuna hisa za kuuza. Mwenyekiti akivuruga, anaondolewa na watu wale wale anaokutana nao dukani.

Kwa mtindo huo watu wa raga wa Ujerumani walifika mbali kuliko tunavyodhani. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 1900, timu iliyoitwa Ujerumani kwenye raga ilikuwa klabu ya Frankfurt. Ililala 27-17 mbele ya Ufaransa iliyokuwa na Constantin Henriquez, mtu mweusi mzaliwa wa Haiti. Mwaka 1927 Ujerumani iliifunga Ufaransa 17-16, na mwaka 1938 ikaifunga tena 3-0. Kisha vita vikala kizazi kizima cha wachezaji.

Klabu yetu ya makasia ilitwaa ubingwa wa Ujerumani mwaka 1927 na 1928. Taji la tatu lilikuja mwaka 1971. Hesabu mwenyewe: ni miaka 43. Katikati yake kuna Unazi, vita, njaa na nchi kugawanywa vipande viwili. Klabu haikufa. Hakukuwa na tajiri wa kuifufua, kwa hiyo hakukuwa pia na tajiri wa kuiua. Kulikuwa na watu wanaolipa ada na kurudi uwanjani.

Najua kuna msomaji ambaye amekwisha kukunja uso. Ananiambia ridhaa ilikuwa anasa ya wenye nacho, na anasema kweli. Mwaka 1895, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilikutana Huddersfield zikajitenga, kwa sababu wachezaji wao walikuwa wachimba makaa na vibarua wa viwandani waliokosa ujira wakienda kucheza, na mabwana wa kusini wakakataa wasifidiwe. Mwaka 1931 Ufaransa ilifukuzwa katika mashindano ya mataifa matano, na mojawapo ya makosa yake ilikuwa tuhuma kwamba klabu zake zinawalipa wachezaji. Hapo ndipo ikazidi kuegemea upande wa Ujerumani, na mwaka 1934 nchi hizo na nyingine za bara zikaunda shirikisho lao. Ridhaa ya mabwana ilikuwa kufuli mlangoni. Ilipofunguliwa rasmi mwaka 1995, sikuona sababu ya kumlilia mtu.

Kwa hiyo sipingi mchezaji kulipwa. Anayevunjika bega kwa ajili ya jezi anastahili kula. Ninachopinga ni kuchanganya mambo mawili: mchezaji kulipwa, na klabu kumilikiwa. Tumeyashona pamoja kwa uzi mmoja hivi kwamba mtu akisema "tunataka weledi", wote tunasikia "tunataka tajiri".

Heidelberg walimpata tajiri. Mwaka 2007 Hans-Peter Wild, bilionea wa eneo hilo hilo ambaye utajiri wake umefungamana na kinywaji cha Capri-Sun, alianzisha akademia ya raga mjini humo. Sitamdhihaki. Alikuwa anaupenda mchezo ambao matajiri wenzake hawakuujua. Vijana wakapata makocha, mazoezi ya kila siku na riziki. Klabu ambayo haikuwa imeonja taji tangu 1986 ilichukua ubingwa mwaka 2010, ikauchukua kila mwaka hadi 2015, kisha tena 2017 na 2018. Timu ya taifa, ambayo uti wa mgongo wake ulikuwa vijana wa Heidelberg, iliifunga Romania 41-38 Februari 2017. Kwa raga ya Ujerumani, hiyo ilikuwa kama maji kupanda mlima.

Novemba ya mwaka huo huo mfadhili na chama cha raga cha taifa wakakosana. Wachezaji wengi wa kikosi cha kwanza, ambao mkate wao ulitoka upande wa mfadhili, hawakushuka uwanjani dhidi ya Chile. Ujerumani ikalala 32-10 nyumbani. Februari 2018 ikakutana tena na Romania ile ile, ikapigwa 85-6. Kati ya 41-38 na 85-6 ni mwaka mmoja. Kilichobadilika ni mkono ulioshika mfuko.

Usiwalaumu wachezaji. Jiweke mahali pao: anayekulipa kodi ya nyumba yuko upande huu, jezi ya nchi iko upande ule, na hakuna mkutano mkuu wowote ambamo unaweza kunyoosha mkono ukauliza swali. Mwanachama ana kura. Mwajiriwa ana notisi ya mwezi.

Pigo lililofuata ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka 2018 klabu ya Heidelberg iliifunga Timișoara Saracens ya Romania na kupata kwa jasho lake nafasi ya kucheza European Challenge Cup, shindano la pili kwa ukubwa la klabu za Ulaya. Ikanyimwa. Mwaka mmoja kabla, Wild alikuwa amenunua Stade Français ya Paris, na waandaaji hawakutaka klabu mbili zenye mkono wa mtu mmoja nyuma yao. Nafasi wakapewa Timișoara, wale wale waliofungwa.

Waandaaji hawakukosea, kwa maana kanuni hiyo inalinda ukweli wa mechi. Lakini tazama kilichotokea. Chama kilichoandikishwa kwa majina ya watu, kilichodumu tangu 1872, kilitazamwa kutoka nje kikaonekana kama kivuli cha mtu mmoja. Katiba yake ilikuwa bado ipo. Wanachama wake walikuwa bado wapo. Hakuna aliyewaona.

Novemba 2018 mambo haya yakafika kwetu. Ugomvi ulikuwa umetulizwa, wachezaji wengi wa Ujerumani wamerudi, na huko Marseille timu 4 zilikuwa zinagombea tiketi ya mwisho ya Kombe la Dunia la 2019: Kanada, Ujerumani, Hong Kong na Kenya. Ujerumani ilitufunga 43-6. Tulimaliza mkiani. Nakumbuka kejeli zilizofuata: tumefungwa hata na Wajerumani, watu wasiojua raga. Hatukufungwa na watu wasiojua raga. Tulifungwa na timu iliyonolewa kwa takriban mwongo mmoja kwa fedha za mtu mmoja, na hata hivyo ikarudi nyumbani mikono mitupu, kwa sababu Kanada waliifunga 29-10 na kuchukua tiketi.

Sisi tungeshangaa nini? Mwaka huo huo ulikuwa umeanza kwa kampuni moja ya kamari kutangaza kwamba inaondoa udhamini wake katika raga na soka ya Kenya kwa sababu ya kodi. Kwa tangazo moja, klabu zikaanza kuhesabu nauli. Na huko Tanzania, wanachama wa klabu kubwa za soka wamebishana miaka mingi juu ya asilimia ngapi wabaki nazo na ngapi apewe mwekezaji. Wengi huwacheka kwamba wanaogopa maendeleo. Mimi naona wanauliza swali ambalo Heidelberg lilichelewa kuulizwa.

Chuoni nilicheza raga katika timu iliyopewa jezi na mwenye duka mmoja. Sharti lake lilikuwa mwanawe aanze kila mechi. Tulicheza msimu mzima tukiwa na mlinzi wa nyuma asiyeweza kudaka mpira wa juu, na kila timu pinzani ilijua ipige mpira wapi. Kijana alipohitimu, jezi zikaondoka naye. Udogo wa kisa hiki usikudanganye. Ongeza sifuri kadhaa na utapata historia ya nusu ya michezo ya dunia.

Utaniambia njaa haina ridhaa. Haina, kweli. Ndiyo maana nasema wachezaji walipwe, lakini walipwe na klabu, kwa mkataba ambao klabu imeusaini na kamati iliyochaguliwa inaweza kuuelezea. Mfadhili alete fedha, aandikwe kifuani mwa jezi, apewe kiti cha mbele na chai ya maziwa. Akipewa pia ajira ya mchezaji na sauti juu ya timu ya taifa, siku akinuna uwanja mzima utanuna. Wafadhili wadogo 10 wanachosha kuwabembeleza, lakini hawawezi kununa wote siku moja. Na fedha ya tajiri, ikija, iende kwanza kwenye vitu asivyoweza kuondoka navyo: uwanja, taa, kozi za makocha, watoto wa chini ya miaka 12. Taji halihifadhiki. Taa za uwanja zitawaka hata mfadhili akihama.

Hilo halihitaji bilionea. Linahitaji kitu ambacho kizazi chetu, chenye digrii na maoni juu ya kila jambo, hakina subira nacho: kukaa katika ukumbi wenye joto, kwenye viti vya plastiki, kusikiliza mweka hazina akisoma hesabu za maji na umeme. Tunajua majina ya wamiliki wa klabu za Ulaya kuliko tunavyomjua katibu wa klabu ya mtaani kwetu. Tunavaa jezi za watu ambao hawatatuomba kura kamwe, kisha tunalalamika kwamba michezo yetu imeuzwa. Imeuzwa kwa sababu siku ya mkutano mkuu akidi haikutimia.

Heidelberg bado kuna raga. Klabu ya makasia ya 1872 bado ina jina lake na mto wake. Kilichoibeba kuvuka miaka 43 bila taji ndicho kitakachoibeba sasa, kama wanachama wake watakitumia. Kwa hiyo mtangazaji akisema tena "wa ridhaa tu", namwomba aliondoe hilo "tu". Nawe unayesoma, tafuta klabu iliyo karibu nawe, lipa ada, na uulize mkutano mkuu ni lini.