Shati la baridi likigeuka sare: mwenye robota la mitumba ajihadhari

Minago – Katika marobota ya mitumba yanayofika ufukwe wa Tanganyika kuna bidhaa isiyokosa mnunuzi: shati zito la baridi lenye asili ya jeshi. Mvuvi wa ndagala anayekesha ziwani na taa zake analihitaji. Dereva anayepandisha mzigo usiku kwenda milima ya Bururi analihitaji. Hata hivyo bidhaa hii ina hatari ambayo nguo nyingine za caguwa hazina: serikali inaweza kuifanya mali ya jeshi, na siku hiyo thamani yake sokoni inakuwa sifuri.

Ili kuelewa jambo hili, tutazame kwanza namna nguo inavyoingia jeshini. Mfano unaojulikana sana ni ule wa Norway na Uingereza. Wakati wa vita baridi, makomandoo wa Uingereza walikuwa wakipelekwa kila mwaka kufanya mazoezi katika theluji ya kaskazini mwa Norway. Huko waliwaona askari wenyeji wamevaa shati la pamba lenye nyuzi kama za taulo kwa ndani, kola ndefu na zipu fupi shingoni. Askari wa Uingereza wakaanza kuyanunua kwa fedha zao wenyewe au kubadilishana vifaa na wenyeji, na wakaliita "Norgie". Baadaye jeshi lao likatengenezesha shati la aina hiyo kwa rangi ya kijani na kuligawa rasmi.

Kiuchumi, hapo soko limegeuka. Mwanzoni wanunuzi ni wengi, kila mmoja na pesa yake, na muuzaji mdogo anapata nafasi. Likishakuwa sare, mnunuzi anabaki mmoja, yaani serikali, naye hununua kwa zabuni kutoka viwandani. Katika ukanda wetu, kiwanda cha Nytil cha Jinja, Uganda, kimekuwa kikishonea jeshi la nchi hiyo. Muuza mitumba hana nafasi katika zabuni hiyo. Anachobaki nacho ni mabaki: jeshi likibadili sare, shehena za zamani huuzwa kama ziada, zikachanganywa na nguo nyingine na kufungwa katika marobota.

Sheria inapobadilika

Tatizo ni kwamba nguo ambayo Ulaya ni ziada ya kawaida, huku kwetu inaweza kuhesabiwa kuwa sare. Mwezi Agosti 2023, Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku saba kwa raia wenye sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo kuyasalimisha. Neno la kuzingatia hapo ni "yanayofanana". Halimwulizi mfanyabiashara kama shati limetoka jeshi la Tanzania au la Norway.

Uganda ilitoa funzo jingine Septemba 2019. Kofia nyekundu za bereti, ambazo wafuasi wa mwanasiasa Bobi Wine walikuwa wakizinunua na kuzivaa, zilitangazwa katika gazeti la serikali kuwa vazi la jeshi. Anayepatikana nazo bila idhini aliweza kukabiliwa na adhabu ya hadi kifungo cha maisha. Kofia ilikuwa ile ile, kilichobadilika ni tangazo. Aliyekuwa na shehena dukani alilala mfanyabiashara, akaamka mtuhumiwa.

Hasara inamwangukia nani?

Baadhi ya mizigo ya Tanzania kuja upande huu hutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli au lori, kisha huvuka kwa boti hadi Rumonge au Bujumbura. Robota hununuliwa likiwa limefungwa. Mwenye mali hajui kilichomo, na mwenye boti anajua kidogo zaidi. Lakini likifunguliwa kwenye ukaguzi, anayekutwa nalo mkononi ndiye anayeulizwa kwanza. Muuzaji wa jumla ameshalipwa, yuko mbali. Kwa hiyo hasara hushuka kwenye mnyororo mpaka kwa msafirishaji na mchuuzi wa Minago, watu wenye mtaji mdogo kuliko wote.

Kuacha biashara ya nguo za baridi si dawa, kwa kuwa mahitaji yapo. Lililopo ni kugawana hatari mapema. Kwanza, agiza marobota yaliyochambuliwa kwa aina, hata kama bei iko juu kidogo. Tofauti hiyo ya bei ni bima. Pili, patana na muuzaji wa jumla kwa maandishi kwamba vipande vyenye mabaka-mabaka, nembo au vyeo vitarudishwa kwake. Tatu, msafirishaji adai risiti na hati ya mzigo yenye jina la mwenye mali kabla ya kupakia. Nne, kabla ya kuagiza nguo za kijani kwa wingi, uliza forodha za pande zote mbili, kwa kuwa kinachoruhusiwa Kigoma si lazima kiruhusiwe Burundi, wala kinyume chake.

Sweta la buluu na koti la rangi ya kahawia humkinga mvuvi na baridi sawasawa na shati la askari. Faida yake kwa kipande inaweza kuwa ndogo, lakini hakuna jeshi litakalolidai.