Wa Nyuma Si Lazima Awe Mkosaji

Uko usemi ambao umekwisha kugeuzwa sheria katika barabara zetu, nao ni huu: magari mawili yaliyofuatana yakigongana, wa nyuma ndiye mwenye kosa. Madereva huusema, abiria huuitikia, na mara nyingine hata waliokabidhiwa kazi ya kuchunguza huuandika kana kwamba wameukuta kitabuni. Usemi huu una msingi wake. Dereva anayemfuata mwenzake anawajibika kuacha nafasi ya kutosha kusimama, na mara nyingi anayegonga kwa mbele ndiye aliyezembea. Lakini mara nyingi si daima, na katika pengo lililopo baina ya maneno hayo mawili ndimo haki za watu wengi zinamopotelea.

Mwalimu mmoja ninayemfahamu alikuwa akipanda Mlima Kitonga kwa gari dogo alilolinunua kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Foleni ya malori ikasimama kwenye kona. Naye akasimama nyuma ya lori lenye tela, akavuta breki ya mkono. Lori lilipotaka kuondoka lilishindwa, likaserereka nyuma na kuiponda boneti ya gari lake. Dereva wa lori akashuka, akasema neno moja tu: "Umenigonga." Magari yaliyokuwa nyuma yakaanza kupiga honi, na kila aliyeshuka akamsihi mwenzetu ayamalize. "Mwalimu, yaishe, wewe ndiye wa nyuma." Kwa uungwana wake akaliondoa gari njiani, pasipo kupiga picha wala kuandika jina la shahidi hata mmoja. Askari walipofika walikuta gari dogo lililopondeka mbele, na lori lisilo na mkwaruzo wa maana.

Baada ya majuma kadhaa, kampuni iliyolikatia lori bima ilimjibu kwa barua fupi kwamba madai yake yamekataliwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyesababisha ajali. Barua haikueleza ni ushahidi gani uliopimwa. Na kwa kuwa mwalimu alikuwa na bima ndogo, ambayo hulipa hasara ya mtu mwingine na si ya mwenye gari, hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Gari lake limewekwa juu ya mawe uani, na mkopo unaendelea kukatwa katika mshahara wake kila mwezi.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kosa katika ajali haliamuliwi kwa kuangalia nani alikuwa mbele na nani nyuma, wala nani ana gari kubwa na nani ana dogo. Huamuliwa kwa ushahidi. Gari linalogonga likiwa katika mwendo huweza kuacha alama za breki barabarani, ilhali lililokuwa limesimama haliachi. Vipande vya taa huonyesha mahali magari yalipokutana. Mteremko wenyewe ni shahidi, na abiria waliokuwa wakitazama dirishani ni mashahidi. Yote hayo yalikuwapo Kitonga siku ile. Kilichokosekana ni mtu wa kuyakusanya, na aliyepaswa kuwa wa kwanza kuyakusanya ni mwenye gari mwenyewe.

Yafaa tuelewe pia mipaka ya kila chombo. Askari wa usalama barabarani huchora mchoro wa ajali, huandika maelezo na kutoa ripoti. Ripoti hiyo ni ushahidi mzito, lakini si hukumu. Kampuni ya bima nayo, inapomwambia mtu kuwa yeye ndiye mkosaji, inatoa msimamo wa upande mmoja wenye maslahi katika shauri. Mwenye kauli ya mwisho juu ya nani alipe ni mahakama, nayo inaweza hata kuona kwamba wote wawili walizembea, ikagawanya lawama baina yao kwa kadiri ya uzembe wa kila mmoja. Kwa sababu hiyo, mtu asikubali kukiri kosa la barabarani ambalo hakulitenda, eti kwa kuwa faini ni ndogo na anataka kuwahi safari yake. Kukiri huko kwaweza kurejeshwa mbele yake siku atakapodai fidia.

Wapo watakaosema kwamba kampuni za bima zina haki ya kuwa na shaka, kwa sababu wako watu wanaopanga ajali za uongo na kutengeneza hasara ambazo hazikutokea. Hilo ni kweli, na ni wizi dhidi ya kila anayelipa ada ya bima. Lakini dawa ya udanganyifu ni uchunguzi. Barua ya mistari mitatu isiyo na sababu haimkamati mlaghai, kwani yeye amekwisha kujiandaa kwa nyaraka na mashahidi wa kununua. Humwumiza mkweli, ambaye hakujiandaa kwa kuwa hakuwa na la kuficha.

Nchi yetu haikulichukulia suala la bima kuwa biashara tupu. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, bima ikawekwa chini ya umma. Milango ilipofunguliwa kwa kampuni binafsi katika miaka ya 1990, umma haukuacha wajibu wa kusimamia. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na ikaweka pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Vyombo hivi havikuundwa ili vipambe vitabu vya sheria. Lakini msimamizi hawezi kulishughulikia lalamiko ambalo halikuletwa kwake.

Basi hapana budi tujifunze kudai kwa utaratibu. Ajali inapotokea, majeruhi wahudumiwe kwanza. Kisha, kabla magari hayajaondolewa, zipigwe picha kwa simu kutoka pande zote, zikionyesha magurudumu, barabara na mteremko. Yaandikwe majina na simu za mashahidi wawili au watatu, pamoja na namba ya gari na bima ya upande wa pili. Maelezo yanayotolewa polisi yasomwe kabla ya kutiwa sahihi. Madai yakikataliwa, iandikwe barua ya kutaka sababu na ushahidi, na nakala itunzwe. Tena mtu asilale, kwa maana Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inampa anayedai fidia ya uzembe miaka 3 tu kulifikisha shauri lake mahakamani.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wenyewe, watumishi wa umma. Tumezoea kujiona katika nafasi ya mwalimu yule, lakini zipo siku ambazo sisi ndio lori. Gari la ofisi linapomgonga mwendesha bodaboda au mkulima mwenye baiskeli, mara ngapi cheo hushuka kabla ya ukweli? Mara ngapi mnyonge huambiwa "yaishe" na mtu mwenye kitambulisho shingoni, naye akainama kuokota gurudumu lake lililopinda? Hatuwezi kudai ushahidi uheshimiwe pale tunapoonewa, halafu tukautupa pale tunapoonea. Afisa anayesema mbele ya askari, "Kosa ni la dereva wetu," hajaiaibisha ofisi yake. Ameilinda.

Wahenga walituachia methali mbili. Moja husema, mwenye nguvu mpishe. Hiyo ni busara ya kuokoa roho barabarani, wala siipingi, kwa maana hakuna fidia inayomrudisha marehemu. Lakini magari yakishasimama na vumbi likatua, inayopaswa kutuongoza ni ile ya pili: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwalimu yule bado hajamaliza miaka yake 3. Wiki hii nimemshauri aandike barua ya kutaka sababu, na ameniahidi kwamba ataiandika.