Kama wewe pia huziwezi muvi za kutisha, hii ya vampaya itazame

Wasee, mimi muvi za kutisha siziwezi. Na si ati naogopa giza. Shida yangu ni kwamba nyingi zinataka kitu kimoja tu kutoka kwangu: niruke. Mlango unalia kriii, muziki unanyamaza, halafu kitu kinakutokea usoni. Kushtuliwa hivyo napata bure kila siku nikivuka barabara na boda zinakuja pande zote. Damu nayo ndio sitaki kabisa. Kwa hivyo mtu akikuambia "tazama Sinners, ni kali", halafu ujue ni ya vampaya, naelewa ukimjibu "zi, asante."

Bado nasema itazame. Mi niliitazama mchana, pazia wazi, sauti chini, na msimamo wangu ni huu: hii muvi inatufaa sisi tusiopenda kutishwa, manake kitu inachokufanya uogope zaidi ni mlango. Nani anabisha, anataka nini, na nani anamfungulia. Sitakuharibia yote, lakini kuna sehemu lazima nizitaje.

Sinners ilitoka Aprili 2025. Imeandikwa na kuongozwa na Ryan Coogler, yule wa Black Panther. Tuko Clarksdale, Mississippi, mwaka wa 1932. Mapacha wawili, Smoke na Stack, wote wakiigizwa na Michael B. Jordan, wamerudi nyumbani kutoka Chicago na doo ambazo huwezi kuuliza zimetoka wapi. Wananunua kinu cha zamani cha mbao kutoka kwa mzungu mmoja, wakigeuze klabu ya watu weusi usiku huo huo. Binamu yao mdogo Sammie, mtoto wa mhubiri, ndiye atapiga gitaa.

Toa mikato michache ya haraka pale mwanzo, sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ni biashara. Kutafuta mpishi, kutafuta baunsa, kubishania bei ya bango. Kuna mahali Smoke anamfundisha msichana mdogo wa kumlindia lori asikubali bei ya kwanza anayotajiwa. Ukiwa mwoga kama mimi, hiyo nusu ni zawadi. Damu ikianza, ushawajua hawa watu na unajua ni nini wanapoteza.

Sasa tuje kwa mlango. Vampaya hawezi kuingia mpaka akaribishwe. Hiyo sheria ni ya zamani, hata Dracula ya Bram Stoker ya 1897 inayo. Lakini angalia Coogler ameifanyia nini. Kiongozi wa vampaya, Remmick, anakuja na wenzake wawili wakiwa na ala zao, wanaimba vizuri, wanasema wanapenda muziki na pesa wako nazo. Wanakataliwa. Shida ni kwamba ndani ya klabu hesabu haitoshi. Wateja wengi ni vibarua wa mashamba ya pamba, na wanalipa kwa tokeni za shambani, zile zinazotumika tu kwa duka la tajiri wao. Nje kuna watu wenye dhahabu. Basi Mary, mmoja wao, anatoka kwenda kuongea nao. Hakuna aliyemvuta. Ni hesabu tu iliyomtoa nje.

Baadaye Cornbread, baunsa, anatoka kujisaidia na kurudi. Anasimama nje na kuomba akaribishwe. Huyu ndiye alikuwa analinda huo mlango! Annie, mama wa dawa za kienyeji, anauliza swali moja: mbona unataka ruhusa? Manze, hakuna kelele hapo, hakuna kitu kimeruka, lakini nilisimamisha muvi nikaenda kunywa maji.

Watu wetu wanaijua hii hadithi. Wakati wa ukoloni, Nairobi na sehemu nyingi za Afrika Mashariki zilijaa habari za wazimamoto, ati wanakamata Waafrika usiku na kuwatoa damu. Pwani wakasema mumiani. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima kuhusu hizo habari, Speaking with Vampires, kilichotoka 2000. Hapotezi muda kuuliza kama kweli kulikuwa na ndoo za damu. Anauliza watu walikuwa wanasema nini kuhusu maisha yao waliposimulia hivyo. Mimi nikisoma naona watu waliofanyishwa kazi na kutozwa kodi, wakatafuta lugha ya kuelezea mtu anayekuchukulia nguvu zako usiku na asubuhi anavaa yunifomu.

Siku hizi hawaji usiku. Wanatuma barua pepe. Tangu niache chuo nikaanza kuishi kwa video, nimeona mikataba ya kila aina. Kuna kampuni moja, siitaji, ilinitumia wa kurasa sita: video zangu ziwe zao milele, sauti yangu na uso wangu pia, na malipo ni "tutakutangaza". Hiyo ni tokeni ya shambani. Umaarufu wa ukurasa wao unatumika kwa duka lao tu, landilodi wangu haukubali. Lugha ya ile barua ilikuwa tamu sana, familia hapa, safari pamoja pale. Kodi ilikuwa imebakisha siku nne. Sikusaini, nikakopa. Lakini nawajua watu wazuri, wenye akili kuniliko, ambao wamesaini ya aina hiyo, na siwezi kuwacheka. Hata kwenye muvi, anayewakaribisha vampaya mwishowe ni mama ambaye mtoto wake ametishiwa.

Ndiyo maana sikubali mtu akisema Remmick ni pepo tu wa kutisha. Yeye mwenyewe ni mtu wa Ireland, na anasema waliopora ardhi ya babake ndio waliowalazimisha sala zao. Anachotaka kwa Sammie ni ile sauti inayoita wahenga, imrudishie watu wake. Huyu ni mtu aliyeibiwa, na sasa amekuja kuiba kwa upole.

Na Coogler hakuishia kuigiza. Kwa mkataba wake na Warner Bros., umiliki wa Sinners unarudi kwake baada ya miaka 25. Muvi kuhusu watu weusi wanaotaka kumiliki nyumba yao ya muziki, na aliyeitengeneza amehakikisha siku moja itakuwa yake.

Basi tafuta dakika 137, mchana, na mtu wa kukaa naye. Zile za damu ukitaka ziba macho, hukosi kitu. Ila majina yakianza kupita usizime. Kuna kipande hapo katikati, Chicago mwaka wa 1992, Sammie amezeeka na anaigizwa na Buddy Guy, mzee wa blues wa ukweli. Anabishiwa tena, anapewa ofa tena. Sikiliza anavyoijibu. Na kama kuna mkataba umekaa kwa simu yako ukingoja saini, usiifungue mpaka umalize kumsikiliza huyo mzee.