Je, Mwenye Kusoma Ametupa Kijiji Chake?



Neno moja limekwisha kusemwa mara nyingi na wakubwa wetu waliotutangulia katika shule hii: kwamba kijana akipata elimu kisha akakaa mjini, amekitupa kijiji chake. Wengine huongeza kwamba yampasa arudi akashike jembe kama baba yake. Mimi sikubaliani na neno hilo. Wala sikubaliani na wenzangu wanaocheka na kusema kijiji ni mahali pa wazee na mbuzi. Lakini tukianza kubishana juu ya vijiji vyetu wenyewe, kila mtu atatetea kwao. Kwa hiyo nataka tutazame kijiji cha mbali, katika nchi ya Indonesia.

Indonesia ina visiwa zaidi ya 17,000, na watu wake ni yapata milioni 280. Upande wa mashariki kipo kisiwa cha Flores, ambacho wenyeji wake wengi ni Wakatoliki, ingawa nchi nzima kwa wingi wa watu ni ya Waislamu. Katika milima ya Manggarai, magharibi ya kisiwa hicho, kipo kijiji kiitwacho Wae Rebo. Kiko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, wala motokaa haifiki. Mgeni hushuka garini chini ya mlima, kisha hupanda kwa miguu saa kadhaa katikati ya msitu. Kila kitu cha dukani hupandishwa begani, na kahawa yao hushushwa begani vile vile.

Nyumba zao kubwa ni saba, nazo huitwa mbaru niang. Zimechongoka juu, na zimeezekwa kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Ndani mna sakafu tano. Ya chini ni ya watu kukaa, wala si ya jamaa moja tu. Juu yake huwekwa chakula, kisha mbegu, kisha akiba ya wakati wa njaa, na sakafu ya juu kabisa ni ya sadaka za mababu. Watu waliojenga nyumba namna hii hawakuwa wajinga. Waliweka akiba ya njaa mahali ambapo mkono mvivu haufiki.

Basi watoto wa Wae Rebo husoma wapi? Hushuka mlimani, wakakaa katika kijiji cha chini kiitwacho Kombo, kwa kuwa shule iko huko. Tusidhani kwamba serikali ya Indonesia ilipuuza elimu ya mashambani. Kati ya mwaka 1973 na 1978 ilijenga shule za msingi zaidi ya 61,000, kwa fedha zilizopatikana kwa mafuta ya petroli. Bibi Esther Duflo, mchumi ambaye alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019, alichunguza kazi hiyo. Aliona kwamba kila shule moja iliyojengwa kwa kila watoto 1,000 iliongeza muda wao wa kusoma, na walipokuwa watu wazima iliongeza ujira wao kwa asilimia 1.5 hadi 2.7. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini ujira hulipwa penye kazi ya ujira, nayo kwa kawaida haiko juu ya mlima. Mtoto aliyeshuka kwa ajili ya shule ya msingi huzidi kushuka kwa ajili ya shule ya sekondari, na mwisho hushuka kwa ajili ya kazi. Watu wengi wa Flores wamevuka bahari kwenda Malaysia kufanya kazi katika mashamba ya michikichi. Hupeleka fedha nyumbani, na nyumba za matofali hujengwa kwa fedha hizo; lakini watoto hulelewa na bibi zao.

Je, watu hao wamekitupa kijiji? Yule anayemlipia mdogo wake karo kutoka ng'ambo hajatupa kitu. Kosa si la miguu yake. Kosa ni kwamba nyumbani hakuna kazi inayoweza kulipa karo ile.

Nitatoa mfano wa kahawa. Mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya ugonjwa wa kutu ya majani kuharibu kahawa ya Java, Wadachi walileta huko mbegu ya robusta iliyotoka katika misitu ya Kongo. Leo robusta ndiyo sehemu kubwa ya kahawa ya Indonesia. Mmea ni wa Afrika, mkulima ni wa Asia, na bei hukatwa mbali na wote wawili. Mkulima anayeuza kahawa mbichi gunia kwa gunia, bila kujua bei ya mjini, hufanya kazi mwaka mzima kwa bei aliyoambiwa na mnunuzi.

Sasa yako mambo mawili ya kutia moyo. La kwanza ni la nyumba zile. Zilikuwa zimebaki nne tu kati ya saba, tena zimechakaa. Wajenzi kutoka Jakarta walifika mwaka 2008, na wenyeji wakazijenga upya kwa mikono yao, wazee wakiwafundisha vijana. Mwaka 2012 kazi hiyo ilipewa tuzo ya urithi ya UNESCO. Tangu hapo wageni hupanda mlima, hulipa, hulala, hununua kahawa. Hii ni riziki mpya, nami siidharau. Lakini kijiji hakiwezi kuishi kwa kutazamwa tu. Ugonjwa wa korona ulipofunga njia mwaka 2020, wageni walikoma, shamba halikukoma.

La pili ni kubwa zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1979 serikali ya Jakarta ilitaka vijiji vyote vitawaliwe kwa namna moja, kama vya Java. Lakini Sheria Namba 6 ya mwaka 2014 ilivirudishia vijiji haki ya kushauriana na kupanga mambo yao. Kuanzia mwaka 2015 fedha za serikali hugawiwa vijiji vyote, navyo ni yapata 75,000. Mwaka ule wa kwanza zilipita rupia trilioni 20, na mwaka 2017 zilifika trilioni 60. Barabara ndogo, madaraja na visima vimejengwa. Wako pia wakuu wa vijiji waliofungwa kwa kula fedha hizo. Mwaka 2023 wakuu wengi walikwenda Jakarta kuandamana, wakitaka muda wao wa kutawala uongezwe, na mwaka 2024 uliongezwa kutoka miaka 6 hadi 8.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya msomi. Fedha ikifika kijijini, ni nani atakayeisoma hesabu? Ni nani atakayesimama mkutanoni aulize daraja liko wapi? Mzee mwenye busara aweza kunyamazishwa kwa karatasi asiyoweza kuisoma. Kijana aliyesoma hanyamazishwi kwa urahisi, hata akiwa anaishi mjini na kurudi mara moja kwa mwaka.

Labda mtu atasema, "Na wahame basi, wakae chini penye barabara." Lakini wakihama, mashamba na msitu wa juu watamwachia nani? Kama barabara haiwezi kupanda, basi daktari, mwalimu na bei ya kweli ya kahawa na vipande kwa njia nyingine. Simu ni njia mojawapo.

Kwa hiyo nawaomba wakubwa wetu, wanafunzi wa zamani, waache kutuuliza kama tutarudi. Watuulize tutarudia kazi gani, kisha watusaidie kuifanya iwepo. Na sisi tulio katika darasa la mwisho, tuanze na jambo dogo. Likizo hii kila mmoja aende kwa mkuu wa kijiji chake, aombe kwa heshima kuona hesabu za shule, kisima au soko, azisome, kisha awaeleze wazee kwa lugha ya nyumbani. Tukirudi shuleni, tuandike katika gazeti hili tulichokiona. Atakayefanya hivyo hajakitupa kijiji chake, hata kama mwakani atakuwa mbali.