Kila Kizazi na Makelele Yake

Mwezi uliopita nilikuwa nikiendesha gari kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, safari ya karibu kilomita 190, kumjulia hali mama. Kando yangu aliketi binti yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Tulipopita Kibaha aliomba kuunganisha simu yake na redio ya gari, nami nikamruhusu. Ikaja singeli: mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na kijana anayetoa maneno kana kwamba anafukuzwa. Hazikutimia dakika tatu nikasema, "Mwanangu, zima hayo makelele."

Alizima bila kujibu. Akachomeka spika za masikioni, akageukia dirishani. Tulifika Chalinze hatujasemezana.

Ndugu msomaji, ukimya wake ulinisumbua, lakini neno nililolitumia lilinisumbua zaidi. "Makelele" halikuwa neno langu. Lilikuwa la baba yangu. Mwaka 2001, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nilirudi nyumbani likizo na kaseti ya Profesa Jay. Ndani yake mlikuwa na "Ndio Mzee", wimbo unaomkejeli mwanasiasa anayeahidi hata yasiyowezekana, huku umati ukimwitikia kwa utiifu. Nilidhani ungemvutia baba, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na imani na ahadi za majukwaani. Hakufika hata nusu yake. "Zima makelele hayo," alisema, kisha akaweka kanda ya Mbaraka Mwinshehe. Nilitoka nje nikiwa na hakika kwamba baba hajui muziki.

Leo nina miaka arobaini na mitano. Ndani ya gari langu husikika nani? Mbaraka Mwinshehe, Sikinde na Msondo. Hakuna aliyenilazimisha. Nimejikuta nimehamia katika kiti cha baba pasipo kukumbuka siku niliyoondoka katika changu. Mabadiliko haya ya ladha hutokeaje? Na je, yanatupa sisi wenye umri mkubwa haki ya kuwa mahakimu wa muziki wa walio wadogo?

Maelezo ya kwanza ni ya mwili. Kadiri umri unavyosonga, sikio hupoteza uwezo wa kuzinasa sauti nyembamba za juu, na kuyatofautisha maneno katikati ya vishindo huwa kazi ngumu zaidi. Sehemu ya kile tunachokiita kushuka kwa muziki ni kushuka kwa masikio yetu wenyewe. Hili peke yake lingetosha kutufunza unyenyekevu.

Maelezo ya pili ni ya kumbukumbu. Wanasaikolojia wamebaini kwamba watu waliovuka umri wa kati hukumbuka kwa wingi zaidi mambo yaliyowapata walipokuwa kati ya takriban miaka kumi na thelathini. Nyimbo za kipindi hicho hunata pamoja na penzi la kwanza, mshahara wa kwanza na uhuru wa kwanza. Tunapoutetea muziki wa zamani, mara nyingi tunautetea ujana wetu.

Hata hivyo, maelezo haya hayatoshi. Yanaeleza kwa nini bado nampenda Profesa Jay. Hayaelezi kwa nini nampenda Mbaraka, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Huyu hakuwa mwanamuziki wa ujana wangu kwa namna yoyote.

Jibu, kwa maoni yangu, limo katika redio moja iliyokuwa juu ya kabati sebuleni. Hadi sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo binafsi, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa sauti ya nchi nzima. Watoto hatukuwa na uchaguzi. Tulisikia tulichosikilizishwa: vipindi vya salamu, taarifa za habari, na bendi zilizorekodiwa katika studio za redio hiyo hiyo. Nikifanya hesabu za darasani au nikiosha vyombo, sauti za watu wazima ziliingia masikioni mwangu bila ruhusa yangu. Nilisikia magitaa tu. Maneno yalipita.

Lakini hayakupotea. Muziki wa dansi husimulia mambo ambayo mtoto hana pa kuyaweka: ndoa inayovunjika, rafiki anayegeuka, ndugu wanaogombea mali, kifo kinachokuja bila hodi. Nilipooa, nilipodaiwa, na hasa nilipomzika baba, nyimbo zile zikaanza kusema nami mojamoja. Hazikuwa zimebadilika hata kidogo. Nilikuwa nimepata maisha ya kuzielewa. Naamini hii ndiyo sehemu ya ndani zaidi ya mabadiliko ya ladha: tunakua na kuyafikia yale tuliyoyasikia bila kuyasikiliza.

Sasa nirudi kwa baba. Katika arobaini yake, baba mdogo alinionyesha picha ambayo sikuwahi kuiona. Kijana mwembamba, nywele zimetimka, amevaa bugaluu pana inayofagia vumbi. "Unamjua huyu?" aliniuliza. Nilimjua kwa paji la uso. "Mwanangu, baba yako alikuwa hawezi kuambiwa kitu kuhusu James Brown. Babu yako alikuwa akisema nyumba imeingiliwa na wazimu."

Picha ile ilipigwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya sitini. Msomaji wa historia atakumbuka kwamba Novemba 1969, jiji hilo likiwa bado chini ya Mkoa wa Pwani, uongozi wa mkoa ulipiga marufuku muziki wa soul. Ulitajwa kuwa upotofu wa kigeni unaoharibu vijana. Kwa hiyo baba yangu, mlinzi wa maadili aliyezima kaseti yangu mwaka 2001, alikuwa mmoja wa vijana ambao muziki wao ulizimwa na dola. Hakuwahi kunieleza. Nami sikuwahi kumuuliza, maana sikudhani kwamba baba aliwahi kuwa kitu kingine zaidi ya baba.

Hapa ndipo suala hili linapotoka sebuleni na kuingia katika siasa. Ladha ya mzee nyumbani humkera mtoto kwa muda, lakini ladha ya mzee mwenye ofisi na muhuri hugeuka kuwa sheria. Wimbo wa Remmy Ongala wa "Mambo kwa Soksi", uliohimiza matumizi ya kondomu wakati ukimwi ukiwamaliza watu, ulinyimwa nafasi katika redio ya taifa kwa kuonekana haufai. Leo Remmy anatajwa kwa heshima kama mwalimu wa jamii, lakini heshima ya leo haiwezi kuwafikia waliopaswa kuusikia wimbo ule siku zile. Mwaka 2018 tena, nyimbo kadhaa za Bongo Fleva ziliondolewa hewani kwa hoja ya maadili. Sisemi kwamba kila wimbo ni mwema, wala kwamba mtoto mdogo asilindwe. Ninasema kwamba mtu mzima anapotamka "huu si muziki", ajiulize kwanza kama anayezungumza ni dhamiri yake au umri wake. Hivi viwili hutumia sauti moja.

Wazee wetu waliitazama Bongo Fleva wakasema ngoma ivumayo haidumu. Robo karne imepita, na waliokuwa wakiimba wakati ule sasa ni wazazi. Profesa Jay mwenyewe, aliyewakejeli wanasiasa, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Methali ni hazina, lakini nayo huweza kukosea mtu wa kumwambia.

Kuna hatari mpya ambayo baba zetu hawakuwa nayo. Baba alipozima kaseti yangu, nililazimika kuusikia muziki wake. Niliuchukia, lakini uliingia na kukaa, ukanisubiri. Binti yangu nilipomzimia muziki wake, alikuwa na spika za masikioni. Yeye hakusikia wangu, nami sikusikia wake. Katika nyumba nyingi leo watu wanne huketi sebule moja wakiwa katika nchi nne tofauti. Tumepata uhuru mkubwa wa kuchagua, na sina hamu ya kurudi katika zama za kituo kimoja kinachoamua taifa lisikie nini. Ila lazima tukiri gharama yake. Mtoto asiyewahi kukerwa na muziki wa wazazi wake hatakuwa na cha kurudia atakapofika arobaini. Na mzazi asiyekerwa na muziki wa mtoto wake hajui mtoto huyo anaishi katika nchi ipi.

Siku ya kurudi Dar es Salaam nilimwomba radhi. Nikapendekeza mkataba: wimbo mmoja wake, mmoja wangu, hadi nyumbani, na hakuna kuzima. Alikubali kwa mashaka, kama mtu anayesoma masharti ya mkopo. Wimbo wangu wa kwanza ulikuwa wa Mbaraka. Alisikiliza kimya, kisha akasema, "Baba, huyu mpiga gitaa naye anakimbia." Sikuwahi kuliona hilo kwa miaka yote.

Zamu yake alirudia ile singeli niliyoizima. Nilimwomba anitafsirie, kwa kuwa sikio langu halikuyawahi maneno. Ulikuwa wimbo wa kijana ambaye mama yake amejificha kwa jirani, akiwakimbia wadai wa mkopo wa kausha damu. Vyombo vimechukuliwa, godoro limechukuliwa, na kijana anauliza atakwenda kulala wapi.

Nimefundisha uchumi wa kisiasa kwa zaidi ya miaka kumi. Mikopo ya aina hiyo nimeitolea mihadhara, yenye takwimu na nadharia. Katika safari ya kwenda, kijana wa uswahilini alikuwa akinieleza jambo lile lile, nami nilimkatiza kabla hajamaliza dakika tatu.