Nakala Moja Haitoshi

Mwaka 1994 nilimkalisha marehemu mama ukumbini, nikaweka redio ya kaseti mbele yake, akanighania tenzi alizozihifadhi tangu utotoni, ukiwamo ule wa Mwana Kupona. Zilijaa kaseti nane. Miaka ikapita, nikazihamisha zote katika kompyuta, na zile kaseti, kwa kuwa utepe ulikwishaota ukungu, nikazitupa. Nilijiona mwerevu sana.

Mwaka jana umeme ulikatika usiku, na uliporudi ulirudi kwa nguvu, ukaiunguza kompyuta. Sikufadhaika, kwani nilikuwa na nakala katika diski ya pili. Lakini diski hiyo nayo nilikuwa nimeiacha imechomekwa pale pale, ikaungua pamoja na mwenzake.

Ndugu wasomaji, nakhofia kuwa wengi wetu, hasa sisi watunzi na walimu wa madrasa, tuna nakala za namna hii. Mmoja huweka flashi ndani ya mkoba wa kompyuta, na mwizi achukuaye mkoba huchukua vyote. Mwingine hutegemea mtandao unaosawazisha mafaili yake, hajui kuwa akifuta huku, na kule hufutika. Virusi vya siku hizi, vinavyoyafunga mafaili na kudai fidia, huifunga na diski iliyochomekwa. Na ile flashi iliyosahauliwa sandukuni huhifadhi maandishi kwa chaji ndogo ya umeme, ambayo huvuja polepole hata ikaja siku isisomeke.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliieneza kanuni hii: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumba. Ni kanuni nzuri. Ila sisi, jamani, tulikuwa wa kufunzwa haya na mpiga picha? Baada ya vita vya Yamama, walipouawa mahafidhi wengi, Sayyidna Umar alimshauri Sayyidna Abubakar Qur'ani ikusanywe, na kazi akapewa Zaid bin Thabit. Kisha Sayyidna Uthman akaamuru ziandikwe nakala zipelekwe Kufa, Basra na Sham, na moja ibaki Madina. Hao ni watu walioiamini ahadi ya Mola kuwa atakilinda Kitabu chake, na hata hivyo hawakuziweka nakala zote katika mji mmoja. Sembuse mimi na wewe, ambao mafaili yetu hayakuahidiwa lolote!

Tena chuoni tulifunzwa kudurusu. Mwalimu hakuridhika umwambie kuwa umehifadhi. Alianza aya katikati, nawe uiendeleze, na ukikwama bakora iko karibu. Nakala nayo ni ya kudurusiwa. Ifungue uisome, kwani jina la faili kuonekana kwenye kioo si dalili kuwa ndani mna kitu.

Wako watakaosema mambo haya ni ya wenye mali. Sikubali. Nunua diski moja, ndugu yako wa mji mwingine naye anunue moja. Akuwekee yako, nawe umwekee yake. Ukiwa na siri za nyumbani, zifunge kwa nywila, na nywila hiyo uiandike mahali ambapo wanao wataiona utakapokuwa hupo.

Katika kaseti nane za mama, zimesalimika tatu, kwa sababu dada yangu aliyeko Maskati aliwahi kuzitamani nikampelekea. Utenzi wa Mwana Kupona haumo. Utenzi wenyewe hauna khofu: bibi yule aliutungia binti yake mwaka 1858, na mikono mingi imeunakili tangu hapo. Niliyoikosa ni sauti ya mama akiughani, na hiyo ilikuwa kwangu peke yangu.

Siku hizi, kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, dada hunipigia simu akanifungulia moja katika zile tatu, nami nikamfungulia iliyo kwangu, tukazisikiliza mpaka mwisho. Katika kaseti ya pili mama anaukatiza utenzi, anauliza kama maziwa yameepuliwa jikoni, kisha anaendelea.